Sheria za Shairi ni za Wote, Njia ya Kutunga ni Yako

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka, ilipofika mada ya utungaji wa mashairi, niliandika ubaoni hatua zilezile: chagua mada, panga hoja, teua vina, hesabu mizani, andika rasimu, kisha nakili kwa hati safi. Ndivyo nilivyofundwa katika chuo cha ualimu, na ndivyo nilivyowafunda wengine. Leo, nikiwa mstaafu hapa Kahama, ninakiri kwamba hatua zile hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuzifanya kuwa njia pekee.

Kidato cha pili kimoja kilikuwa na msichana ambaye daftari lake lilibaki jeupe kipindi kizima cha utungaji, huku midomo yake ikichezacheza na vidole vikigonga dawati. Nilidhani anafanya mzaha. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikampa sifuri. Miezi michache baadaye, tukiwa katika shamba la shule, nilimsikia akiwaongoza wenzake kwa wimbo alioutunga papo hapo, jembe likimpigia mapigo. Nilisimama kando nikahesabu mizani kwa vidole: mishororo ilikuwa sawa sawia. Nilipomwomba auandike, alijibu kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu. Mimi mashairi siyawezi." Maneno hayo hakuzaliwa nayo, nilimfundisha mimi.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikitenganisha mambo mawili ambayo sisi walimu huyachanganya. Sheria za shairi ni jambo moja. Njia ya kulitunga ni jambo jingine. Vina, mizani na urari wa beti ni mali ya jamii nzima, na anayetunga shairi la mapokeo hana budi kuziheshimu. Lakini wapi, lini na kwa namna gani maneno humjia mtunzi, hilo ni lake peke yake.

Ushahidi haukuwa mbali nami. Huku Usukumani, manju wa ngoma za Bagika na Bagalu hahitaji meza ili atunge. Wimbo wake hupikwa mdomoni na kupimwa kwa mapigo ya ngoma, kisha huamuliwa na watazamaji, ambao humkimbilia mpinzani wake iwapo maneno yamepwaya.

Pwani nako mambo ni hayo hayo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi takribani mwaka 1840, ziliendelea kukaa katika vichwa na vinywa vya watu kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, nazo zikapigwa chapa mwaka 1940. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa kisiasa, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni; kitabu kikatoka mwaka 1973. Shaaban Robert naye alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na kuitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, huku akitunga mashairi na kuandika nathari. Watunzi hawa hawakufanana kwa mazingira wala kwa nyenzo. Walichoshirikiana ni uaminifu kwa lugha.

Basi mtu ataijuaje njia yake? Ushauri wangu ni mwepesi: usiulize wengine wanatungaje kabla hujajichunguza wewe mwenyewe. Chukua tungo zako tatu au nne ulizozimaliza na ambazo bado huzionei haya. Jiulize, mshororo wa kwanza ulikujia ukiwa wapi? Ulikuwa umeketi au unatembea? Ulianza na wazo, na sauti, au na picha? Majibu yatakuonyesha tabia ambayo tayari unayo.

Nilipofanya hivyo niliona aibu. Kwa miaka mingi niliketi usiku na taa na karatasi, nisimalize chochote. Tungo zangu zote zilizokamilika zilianzia juu ya baiskeli, njiani kwenda kwenye majaruba yangu ya mpunga, na zote zilianza na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti. Nikishakipata kituo, beti hukitafuta zenyewe. Mimi niliyewaamuru wanafunzi waanze na mada nilikuwa ninaanzia mkiani!

Mwenzangu mmoja mstaafu hulipinga wazo hili. Husema kwamba tutazaa kizazi cha watunzi wavivu, wanaosubiri maneno yawashukie. Hofu yake ina msingi, nami siipuuzi. Wachimbaji wadogo wa huku kwetu wanajua kwamba jiwe likitoka kwenye duara lolote, la kina kirefu au kifupi, lazima lisagwe kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo. Hapo ndipo dhahabu huonekana, au hukosekana. Beti zangu za baiskelini nazo hufika nyumbani zikiwa mawe. Huziandika, nikazihesabu, nikamsomea mke wangu kwa sauti, na nyingi hutupwa. Uhuru wa njia haumwondolei mtu kazi hiyo. Anayetunga akitembea, anayejirekodi kwa simu na anayeandika alfajiri, wote watapita kwenye karasha lilelile.

Kwa walimu mlio kazini nina ombi moja. Mkimwona mwanafunzi ambaye karatasi yake ni nyeupe, kabla ya kuandika sifuri, muulizeni: "Wewe hutungaje?" Mwacheni aimbe kwanza kisha aandike, au atembee uwanjani kwa dakika kumi. Kisha lipimeni shairi lake kwa sheria zilezile, bila huruma.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, na sijui aliko. Sifuri yake niliiandika kwa wino mwekundu, na hakuna aliyeniomba niifute. Ninaifuta leo.