"TULIMWAMBIA, HAKUSIKIA" (Mshono wa upasuaji, sehemu ya 4)

Mama wa Makutupora, na wewe baba mtoto unayesoma kwa simu ya mkeo, leo sianzi na nyie. Naanza na sisi manesi.

Kuna maneno nayachukia wodini: "Tulimwambia, hakusikia." Tulimwambia saa ngapi? Asubuhi ya kuruhusiwa, mtoto analia, bajaji inasubiri nje, mshono unauma, nesi anatiririka: kidonda kiwe kikavu, usikiguse, rudi siku ya saba, haya kwaheri. Hayo ni maelekezo au tangazo la stendi?

Na mimi nimo. Nilishamwambia binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, "usikiguse kidonda." Akarudi siku ya tisa na bandeji ileile ya siku ya upasuaji, imelowa usaha, inanuka. Nikafungua mdomo nimfokee. Akasema taratibu, "Dada, si uliniambia nisiguse?" Binti alitii jamani. Mwenye kosa ni mimi.

Kwa hiyo sikiliza. "Kikavu" siyo kukaa wiki mbili bila kuoga! Usitoke wodini kabla hujajua bandeji itatolewa lini na nani, na kama nyuzi zinayeyuka zenyewe au zinakatwa. Bandeji ikishatolewa, oga kila siku kwa maji safi na sabuni, maji yapite juu ya mshono, usisugue, usiloweke. Kausha kwa kitambaa safi, unagandamiza tu. Tumbo likilalia mshono, linyanyue, jasho linajificha pale kwenye mkunjo. Unga wa kapsuli za rangi mbili, dawa ya meno, majivu: hapana, hapana, hapana.

Mama mkwe, shikamoo. Umelea wengi kabla yangu. Ila maji ya moto juu ya mshono acha. Ngozi ya pale ina ganzi, mzazi anaungua na hajui.

Halafu maji yenyewe. Visima vya bonde letu vinanywesha jiji la Dodoma, lakini mzazi wa wiki moja unamkuta na ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Tunamwambia asibebe kizito kuliko mtoto wake, na mtoto ana kilo tatu! Tunamwambia yeye peke yake, wakati wa kubeba ndoo hiyo ni baba mtoto, tumemwacha getini.

Siku ya kuruhusiwa sema: "Nesi, subiri mume wangu na mama waingie, urudie." Kisha mrudishie kwa maneno yako ulivyoelewa. Akinuna, mwache anune.

Homa, wekundu unaosambaa, usaha, harufu, mshono kuachia, maumivu yanayozidi badala ya kupungua: usingoje siku ya saba. Nenda leo, hata usiku.

Kesho, sehemu ya 5: kunyonyesha bila mtoto kulalia mshono. Mwenye swali aliweke hapo chini, nikitoka zamu najibu.