Wino Mwekundu na Matuta ya Uluguru

Mwalimu anayeandika "Jitahidi" chini ya insha na kuzungushia duara alama 9 kati ya 20 hajasahihisha kitu; ametoa hukumu. Mwanafunzi huitazama alama, hulifunga daftari, na kesho hulirudia kosa lile lile, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha lilipo wala namna ya kulirekebisha.

Morogoro ina somo juu ya jambo hili, nalo limo milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, ila amri ilikuwa moja kwa mlima mzima. Penye udongo mwembamba, jembe lilifukua ardhi isiyo na rutuba na mazao yakadumaa. Mkulima alijua kasoro iko wapi, hakuulizwa. Mwaka 1955 Matombo ikalipuka, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako maji yalikuwapo na mboga zilipata soko, matuta yalishika mizizi na hadi leo yanalimwa. Mtu hushika rekebisho aliloiona faida yake.

Daftari lililojaa misalaba ni amri ya namna hiyo hiyo. Herufi iliyokosewa na hoja iliyokosekana hupigwa mstari mmoja, kana kwamba zina uzito sawa.

Watetezi husema madaftari ni mengi na mwalimu ni mmoja. Ni kweli, na ndiyo sababu asiumalize wino kwa misalaba mia. Achague kosa moja zito, aulize swali moja: "Mzee huyu wa aya ya pili amefikaje sokoni?" Kisha insha iandikwe upya, na alama ije baada ya hapo.

Washairi hawahitaji kuelezwa hili. Mtunzi aliyevunja mizani haambiwi ajitahidi. Huambiwa kuwa mshororo wake wa tatu umepungua mizani moja, naye huuhesabu kwa vidole na kuujaza. Ndivyo fani hii ilivyowafikia hata wasiokanyaga darasa.

Basi wathibiti ubora wa shule waache kuhesabu insha zilizosahihishwa. Wafungue daftari moja tu na kuuliza: insha ya pili imeizidi ya kwanza kwa lipi?