Mpanda Baiskeli na Achukue Jina Lake



Katika kurasa hizi aghalabu twazungumza habari za miche, uanikaji na bei. Leo nataka kusema juu ya mtu anayekwenda shambani kwa baiskeli, maana bila yeye hakuna karafuu itakayofika jamvini. Rai yangu ni moja: kila mwanachama, na kila mchumaji wake, asipande baiskeli illa ana kitu mwilini mwake kilichoandikwa jina lake, anakotoka, na mtu wa kuarifiwa akipatwa na ajali.

Najua wako watakaosema, "Kisiwani hapa, nani asiyenijua?" Neno hilo ni kweli mtaani kwako. Lakini karafuu zikiiva hatukai mitaani kwetu. Mtu wa Konde huenda akachuma Mtambile, wa Kengeja akaonekana Wete, na wachumaji wengine hutoka Unguja na Bara. Mtu kama huyo akianguka alfajiri, giza halijaondoka, akapigwa kichwa na ulimi ukafungika, wapita njia watamtia katika gari wamkimbize hospitali. Wema wao hauna shaka. Lakini wakiulizwa huyu ni nani, watajibu nini?

Na tuseme yuko mmoja aliyemsikia akiitwa Khamis Hamad. Je, akina Khamis Hamad ni wangapi kisiwani petu? Habari ikitoka kwamba Khamis Hamad ameumia vibaya, nyumba ngapi zitaingia kilio bure, na nyumba yenyewe imetulia haina habari? Kwetu jina moja si jina. Mtu hutambulikana kwa jina lake, la babake na la babu yake, na kwa shehia yake.

Wengine watasema, "Simu ninayo mfukoni." Simu hufungwa kwa namba ya siri, huvunjika katika anguko, huzimika kwa kukosa chaji, na pengine huokotwa na asiye mwaminifu. Ziko simu za leo zinazokubali kuandikwa habari za dharura zikasomeka bila ya kufunguliwa. Mwenye nayo na aandike, ni jambo jema, lakini asiitegemee peke yake. Wengine watasema kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi chatosha. Wengi wetu hukiacha kabatini kwa kuchelea kukipoteza. Na hata ukiwa nacho, chasema wewe ni nani, hakisemi apigiwe nani wala una maradhi gani. Wako pia walioandika majina yao juu ya baiskeli. Lakini baiskeli kwetu huazimwa. Huenda jina likawa la mjomba na aliyelala barabarani akawa mpwa. Kwa hivyo jina na likae juu ya mwili wa mtu, lisikae juu ya chombo.

Jambo hili si la kujulisha jamaa tu, bali ni la tiba vile vile. Mwenye kisukari, sukari ikimshuka, huyumba na kusema maneno yasiyoeleweka; asiyejua atadhani amelewa. Mwenye kifafa huenda ameanguka kwa kifafa, si kwa shimo la barabara. Yuko ambaye mwili wake haukubali penisilini, na yuko anywaye dawa ya kuzuia damu isigande, ambaye jeraha kwake lina hatari zaidi kuliko kwa mwingine. Daktari hawezi kuyasoma haya usoni pa mtu aliyezimia.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Huko California, Marekani, mwaka 1953, binti wa daktari aitwaye Marion Collins alijikata kidole, akapewa kiasi kidogo tu cha dawa ya kukinga pepopunda ili kumjaribu, naye akakaribia kufa kwa kuwa mwili wake haukuikubali. Wazazi wake wakaogopa asije akapewa tena na mtu asiyejua, wakamtengenezea kikuku kilichochorwa onyo. Kutokana na kikuku hicho kikazaliwa chama cha MedicAlert mwaka 1956, na desturi hiyo ikaenea nchi nyingi.

Sasa niwajibu wanaoona kwamba kuvaa kitu kama hicho ni kujitakia shari, au chafanana na hirizi. Hirizi huvaliwa kwa kudhaniwa kwamba yazuia jambo. Hiki hakizuii chochote: breki nzima, taa na kengele bado zatakiwa. Kazi yake ni kusema wakati mwenyewe hawezi kusema. Na dini yetu haikutukataza hadhari. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Mungu. Asiyependa kikuku kwa kuwa ni pambo la wanawake, na atie uzi shingoni au akifunge katika mkanda.

Wala tusisahau machungu tuliyokwisha kuyaonja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, nayo imepakia watu kupita kiasi. Wamo waliozikwa bila ya kutambuliwa, na wamo wasioonekana kabisa. Ajali ya baiskeli si kama ile, lakini kwa mke anayengojea mlangoni, kutojua ni kule kule. Maiti ana haki ya kuoshwa na kuzikwa na jamaa zake, mjane ana eda yake, na mayatima wana mirathi yao. Yote hayo huanzia kwenye jina.

Gharama yake ni ndogo. Kipande cha bati la aluminiamu kilichokunjwa ncha kisikate, kikachorwa kwa msumari, chatosha. Au karatasi iliyotiwa plastiki katika duka la fotokopi, ili mvua na jasho visiifute. Andika majina matatu na lakabu yako, shehia yako, namba za simu za watu wawili wasiofuatana nawe njiani, na kila mmoja ni nani kwako, kisha maradhi na dawa usiyoipatana nayo. Kundi la damu si lazima, maana hospitali huipima wenyewe kabla ya kumtia mtu damu. Watoto tunaowatuma dukani kwa baiskeli wapewe pia, kwani mtoto akishtuka husahau hata namba ya babake.

Wajibu wa mwisho ni wetu sisi wenye mashamba. Twajua hesabu ya pishi alizochuma kila kibarua, wala hatukosei hata kibaba. Je, twajua kwao ni wapi na mamake apigiwe namba gani? Naomba kila tawi, kabla ya msimu kuanza, liandike habari hizo katika daftari lile lile la pishi, na kila mchumaji apewe kijibati chake siku anapopewa pakacha. Tukiweza kumhesabia karafuu zake, hatukosi kuweza kumrudisha kwao.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama