Pete Isiyovaliwa Kidoleni

Juzi, katika matanga ya jirani, mzee mwenzangu alinisikia nikiitaja pete ya dapivirini. Akaguna. "Mwalimu, hayo si ndiyo ya kuwafundisha wake zetu uhuni?" Sikutaka kuzozana mbele ya wafiwa. Namjibu hapa.

Pete hiyo ni ya silikoni, laini, na ina miligramu 25 za dawa. Mwanamke huiingiza mwenyewe ukeni, akakaa nayo mwezi mmoja, kisha akaibadili. Dawa hutoka polepole na hufanya kazi pale pale virusi vya Ukimwi vinapopitia. Haizuii mimba wala kaswende. Anayesema vinginevyo anadanganya.

Sasa tuje kwenye huo uhuni. Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Alinijia muuguzi mmoja akaomba saa moja tu azungumze na wanachuo juu ya kondomu. Nilimkatalia. Nilimwambia, kwa sauti ya kutosha makarani wasikie, kwamba chuo changu kinafundisha maadili. Miongoni mwa wanachuo wa mwaka ule alikuwamo binti mmoja, hodari wa kufundisha darasa la kwanza kuliko wote niliopata kuwakagua. Aliolewa, akatulia, akazaa wawili. Mumewe alikuwa dereva wa malori. Tulimzika yeye kabla ya mume. Je, naye alikuwa mhuni? Kosa lake lilikuwa kuolewa. Angemwomba mumewe avae kondomu, angeulizwa: unanishuku, au una lako? Sisi tuliomhubiria uaminifu hatukumpa chochote cha kushika mkononi.

Kundi la pili ni la wasomi, nao huniudhi zaidi. Wanasema majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba pete ilipunguza maambukizi kwa asilimia 27 katika moja na 31 katika jingine, na hizo ni alama za kufeli. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, alama za kufeli nazijua. Lakini wastani wa darasa hujumlisha na watoro. Wako wanawake waliokuwa wakiitoa pete. Katika jaribio la kwanza, kwa waliozidi miaka 25 maambukizi yalipungua kwa asilimia 61. Wasichana wa miaka 18 hadi 21 hawakuonekana kufaidika, na hilo lisifichwe. Hata hivyo, yule mwalimu wangu hakuwa akichagua kati ya 30 na 100. Alikuwa na sifuri.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupendekeza pete hii Januari 2021, iwe chaguo la nyongeza kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Zimbabwe iliidhinisha mwaka huo huo, Afrika Kusini mwaka 2022.

Wananiambia tena kwamba sindano ya lenakapaviri imekuja, ya mara mbili kwa mwaka, na kwamba katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda, mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 waliopewa hakuambukizwa hata mmoja. Naam, iletwe, tena upesi! Lakini sindano huhitaji zahanati iliyo wazi, muuguzi aliyepo na dawa isiyokwisha. Pete mwanamke huibadili mwenyewe nyumbani kwake, mlango umefungwa, wala haombi ruhusa ya mtu. Nadhani hilo ndilo linalomkera mzee mwenzangu.

Yule muuguzi wa mwaka 1993 nasikia yu hai, amestaafu kama mimi. Bado sijaenda kumwomba radhi.