FENI ZINAMPEPEA NANI?



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tunaliona dogo: umeme tunaoutumia kupunguza joto.

Adhuhuri imeswaliwa, watu wametawanyika, lakini feni za msikiti zinapepea mazulia mpaka Alasiri. Hebu tupige hesabu. Feni nane za wati 75 kila moja, zikiachwa saa tatu bila mtu, zinakula uniti 1.8. Kwa siku 30 ni uniti 54. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyopangwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, ni zaidi ya shilingi 15,700 kabla ya kodi. Pesa hiyo imetoka kwenye sanduku la Ijumaa. Humo yumo mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliyetoa mia tano yake kwa ajili ya Allah. Sadaka yake ni amana mikononi mwetu. Je, alitoa ili tupepee mazulia?

Kiongozi wa msikiti anayesimama kila Ijumaa kuomba mchango wa LUKU, aanze kwanza kuuliza nani anazima swichi.

Tumefundishwa katika Surat Al-Israa, aya ya 27, kuwa wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alituamrisha kuzima taa tunapolala, kwa kuhofia panya asije akaburuta utambi na kuunguza nyumba. Sasa hivi utambi umekuwa waya, lakini adabu ya kuzima haijafutwa.

Tukija majumbani, hapa Mwanza Allah ametupa neema ya bure. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku hugeuka, ukaelekea ziwani. Wavuvi wanaujua vizuri. Lakini sisi tunajenga chumba chenye dirisha moja dogo, bati juu bila dari, ukuta wa jirani mbele, kisha tunanunua kwa LUKU upepo uleule tuliouzuia mlangoni.

Wewe mwenye nyumba unayepangisha, hapa pana haki ya mtu. Ulipobana dirisha na kuacha dari ili uokoe gharama, gharama haikupotea. Umemwachia mpangaji, analipa kila mwezi kwa feni inayozunguka usiku kucha, na mtoto bado anatokwa jasho. Weka madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Weka dari. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Panda mwembe au mwarobaini upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri. Katika Surat An-Nahl, aya ya 81, Allah anatukumbusha kuwa vivuli ni katika neema zake. Na mti huo, akila humo mtu au ndege, aliyeupanda anaandikiwa sadaka.

Simharamishii mtu feni wala kiyoyozi. Mgonjwa, mzee na mtoto mchanga wana haki ya kupoozwa. Ninachokataa ni kupooza chumba kisicho na mtu. Na ninakataa zaidi kuchezea mita ukasema unabana matumizi. Huo ni wizi, hata kama hakuna aliyekuona.

Ijumaa hii, kila msikiti uteue mtu mmoja wa kuzima baada ya kila swala. Kabla ya kuchangishana kiyoyozi, fungueni kwanza madirisha. Kinachookolewa mwezi huo kipelekeni kwa yatima wa mtaa wenu, muone baraka yake.

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru neema zake kwa vitendo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako, huenda yeye ndiye mwenye ufunguo wa msikiti.