Asiyekuwapo na lake halipo, hata kwenye kompyuta

Ipo programu ya kompyuta iitwayo FlightGear inayomwezesha mtu kuketi kwake na kurusha ndege ya kuigiza popote duniani. Hailipiwi. Wazo lake lilitolewa mwaka 1996 na David Murr wa Marekani, wakati programu nyingi za namna hiyo zilikuwa mali ya kampuni na hakuna aliyeruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1997, na tangu hapo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wameijenga chini ya leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadili na kuwagawia wengine. Anayeiweka kwenye kompyuta yake anaweza kupaa kutoka uwanja wa Bujumbura kuelekea kusini, akakunja kulia juu ya ziwa Tanganyika, na baada ya dakika chache akawa juu ya mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, milima ya Mitumba imemsimamia mbele. Atauona mji, au ataona ukanda mtupu wa kijani kati ya maji na mlima? Jibu halimo katika ubora wa ndege wala wa kompyuta yake. Limo katika swali moja: nani alijitokeza kuifanya kazi ya kuuandika mji huo, na nani alikuwapo mambo yalipoamuliwa. Ndiyo sababu nasema kwamba vijana wa Uvira na wa mwambao wote wa kaskazini mwa Tanganyika hawana budi kuingia katika kazi hizi huria, na kuingia kama wajenzi na wabishi, si kama watumiaji tu.

Tuanze na jinsi nchi ya kuigiza inavyotengenezwa. Milima yake inatokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour, ambacho mwezi Februari mwaka 2000 kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu. Vipimo vilitolewa bure, ila si kwa usawa: Marekani ilipata vya kila mita 30, sisi wengine tukapewa vya kila mita 90. Ilikuwa Septemba 2014 ndipo vile vya mita 30 vilipoanza kuachiwa ulimwengu, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Kwa nchi kama yetu, ambako mlima unaanza kupanda mara tu mtaa unapoisha, tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kipimo cha mita 90 kinaweza kulilainisha genge lote la mto Mulongwe likaonekana kama mteremko wa kawaida. Barabara na majengo, kwa upande wake, yanaweza kuchukuliwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha. Milima imepimwa kutoka angani bila sisi kuombwa chochote. Lakini mitaa, madaraja, shule, mabomba ya maji na majina yake havina chombo cha kuvikusanya isipokuwa watu wanaovijua.

Watu wanaojenga programu hii kwa pamoja hubishana, tena sana. Wengi hudhani mabishano hayo ni dalili ya kazi iliyokosa mwenyewe. Mimi nayaona kuwa ndiyo bunge lake, na atakaye kuelewa kwa nini kutokuwapo kuna gharama aangalie yanayojadiliwa humo. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2012, katika toleo la 2.8, uliingizwa mfumo mpya wa kuchora mwanga na vivuli ulioitwa Rembrandt. Picha zilipendeza, lakini mfumo wenyewe ulihitaji kadi ya picha yenye nguvu, na haukupatana na mfumo mwingine wa kuchora anga na ukungu uliokuwa ukikua sambamba nao. Ukabaki kuwa jambo la hiari, na hatimaye ukaondolewa. Nyuma ya ubishi huo wa kiufundi kulikuwa na swali la haki: programu ijengwe kwa ajili ya kompyuta ya nani? Mwenye mashine mpya anataka maji yang'ae na mawingu yatembee. Mwenye mashine ya mtumba, iliyopita mikono mitatu kabla ya kufika dukani Uvira, anataka programu ifunguke tu bila kukwama. Wote wawili wana haki, ila anayesikika ni yule aliye ndani. Hakuna anayemnyima mtu wa Uvira nafasi ya kusema. Na hakuna atakayemsemea pia.

Ugomvi mwingine ulihusu mali. Kuna wafanyabiashara walioichukua programu hii, wakaifunga upya kwa majina mengine na kuwauzia watu ambao hawakujua kwamba kitu chenyewe kinapatikana bure. Wajenzi walikasirika, lakini leseni waliyoichagua wenyewe inaruhusu kuuza, mradi mnunuzi asinyimwe msimbo wala haki zake. Hawakuwa na la kufanya ila kuwatangazia watu ukweli. Kisha mwaka 2015 huduma ya Gitorious, iliyokuwa ikihifadhi sehemu ya kazi yao, ikafungwa, na swali la wapi ndege zihifadhiwe na nani awe na ufunguo wa ghala likaleta mgawanyiko. Katika haya yote hakuna waziri wala mkurugenzi aliyetoa amri. Desturi ya kazi huria ni kwamba anayefanya ndiye anayeamua, na anayekaa pembeni hupokea kilichoamuliwa. Desturi hiyo ina ukatili wake, maana humpendelea mwenye muda na umeme. Lakini ina wema ambao ofisi zetu hazina: haikuulizi cheo, kabila wala barua ya utambulisho.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wazungu na michezo yao. Hapa kwetu Afrika Mashariki ushahidi uko wazi. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa doa tupu katika ramani hadi mwaka 2009, vijana wa mtaa walipoanza kuichora wenyewe. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wakazi, wakaandika mifereji, njia na nyumba kwa sababu ya mafuriko. Hata lugha yetu imepitia njia hiyo: mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kuwa leseni huria haikumlazimu mtu kusubiri kampuni ione faida. Kwa upande mwingine, wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini kati ya mwaka 2018 na 2020, watu wa kujitolea wa mbali walichora maelfu ya nyumba kutoka picha za satelaiti. Walifanya kazi ya thamani, lakini mchoraji wa mbali huishia kwenye bati. Kama chini ya bati hilo kuna shule, zahanati au ghala la mihogo, kama mtaa una jina na daraja bado linapitika, hayo anayajua mwenyeji peke yake.

Sasa turudi kwenye mwambao wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake, ukashuka na mawe na matope katikati ya Uvira, ukaua watu makumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa nalo likapanda, likaingia mitaa ya Uvira na ya Bujumbura, na mwaka 2024 likarudia. Nyumba iliyochorwa kutoka picha ya zamani bado imesimama pakavu kwenye ramani, ilhali mwenyewe ameshahama. Kipindupindu nacho hakijawahi kuupa mji huu likizo ndefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za Uvira za mwaka 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba siku za kukatika kwa maji ya bomba zilifuatiwa na ongezeko kubwa la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuzaa hatua mtaani kama haijulikani bomba lipi linahudumia nyumba zipi, na wapi watu hugeukia ziwani bomba likikauka. Takwimu hizo hizo zinazompa rubani wa kuigiza barabara ya Kalundu ndizo zinazompa muuguzi njia ya kufika kwa mgonjwa. Anayeandika daraja la Kavimvira mara moja amewaandikia wote wawili.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba watu wanakufa, nanyi mnazungumzia mchezo wa ndege. Tangu Februari 2025, Bukavu na uwanja wake wa Kavumu vilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba ya mwaka huo vita vilipofika Uvira kwenyewe, ni kweli kwamba mambo ya dharura yamejaa. Lakini urubani si mchezo kwa eneo la Kivu, ambalo barabara zake hukatika kwa mvua na kwa risasi. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege ya Goma, na tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kupaa hapo hapo ikaparamia mtaa wa soko. Programu huria haimpi mtu leseni ya urubani, na asidanganyike anayeambiwa hivyo. Inachompa ni kuelewa njia ya ndege yenye urefu pungufu maana yake nini, upepo wa ziwani unafanya nini, na kwa nini mlima wa nyuma ya mji haumsamehe rubani aliyechelewa kukata kona. Tena inampa mazoezi ya kuandika msimbo, kusoma vipimo na kutetea hoja mbele ya wageni, ujuzi ambao haulipiwi karo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kazi ya bure ya maskini hunenepesha matajiri, na kwamba ramani iliyo wazi humsaidia hata mwenye bunduki. Kuhusu faida, ni kweli kampuni kubwa hutumia takwimu za OpenStreetMap. Lakini leseni yake, iliyobadilishwa mwaka 2012 baada ya mabishano marefu, inamtaka anayeziboresha na kuzitoa hadharani aziache wazi kwa wote. Jasho letu likitumiwa na tajiri, halitoki mikononi mwetu. Tukijaza taarifa hizo hizo katika ramani za kampuni, ufunguo ni wake. Kuhusu bunduki, barabara na mito havikuwa siri kwa jeshi lolote kabla ya ramani hizi. Hata hivyo hofu hiyo ina msingi na haifai kudharauliwa: kambi za wakimbizi wa ndani, maficho ya watu na mambo ya nyumba binafsi hayana sababu ya kuandikwa vita vikiendelea. Nani ataamua kipi kiachwe? Akikosekana mwenyeji, ataamua mtu asiyejua hatari iko upande gani. Pingamizi hilo basi, tukilifuata hadi mwisho, linatutaka tuingie, halituambii tukae mbali.

La tatu ni umeme na intaneti. Umeme wa shirika la SNEL unajulikana ulivyo, na vifurushi vya data vinakula pesa ya chakula. Lakini kuchora mtaa hakuhitaji mtandao kila dakika. Simu janja ya kawaida hupata mahali ilipo kwa satelaiti bila data, programu kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila mtandao, na karatasi iliyochapishwa ramani huweza kujazwa kwa kalamu kisha kuingizwa siku umeme ukirudi. FlightGear ni nzito kupakua, ila leseni yake inaruhusu nakala moja igawiwe kwa diski kwa darasa zima, tendo ambalo kwa programu ya kampuni lingeitwa wizi. Kwa mazingira yetu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote: mmoja akilipia data, arobaini wanajifunza kihalali.

Kwa hiyo wito wangu unaelekea sehemu tatu. Vyuo vya Uvira vinavyofundisha kompyuta vihesabu mchango wa mwanafunzi katika kazi huria, uwe mtaa uliochorwa au kosa la msimbo lililorekebishwa, kama kazi ya darasa yenye alama. Viongozi wa mitaa, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, wawape vijana majina sahihi ya avenue na mipaka yake, kwa sababu jina likikosewa leo litanakiliwa kila mahali kesho. Na vijana wenyewe wasiogope kubishana na mtu wa Ulaya au Marekani kuhusu mto unaopita nyuma ya nyumba yao. Wao ndio wanaoujua. Wanaojenga programu hizi hawatatuletea mwaliko, wala sheria zao hazidai mwaliko. Milango iko wazi, na kila toleo jipya linalotoka bila sisi linatoka na Uvira iliyochorwa kwa kukisia.