Bendi mpya za Australia zinavumbuliwa na watu, si na mashine

Mwaka wa 2023, wapenzi wa muziki mujini Melbourne, inchini Australia, walichanga dola milioni 3 za inchi yao kwa ajili ya baa moja. Inaitwa The Tote. Iko katika mtaa wa Collingwood, ni jengo la zamani lisilo na urembo wowote, na jukwaa lake ni dogo. Wenyewe walikuwa wameiweka sokoni. Wenye baa nyingine ya rock ya mji huo huo wakasema: tutainunua na itabaki nyumba ya muziki, lakini pesa zetu hazitoshi, mutusaidie. Watu wakasaidia.

Kwa msikilizaji wa Goma ao Bukavu swali linakuja lenyewe. Kwa nini mtu atoe pesa za mfuko wake kuokoa nganda ambayo si yake?

Sababu ni kwamba kule, bendi nyingi zinaanzia ndani ya nganda. Vijana wanne wanapata gitaa mbili, besi na ngoma, wanajifunza nyimbo tano, kisha wanaomba nafasi ya kupiga siku ya katikati ya juma mbele ya watu kumi na tano, na nusu yao ni marafiki. Wakipiga vibaya, wataona kwenye nyuso. Wakipiga vizuri, juma linalofuata watakuja thelathini. Amyl and the Sniffers, ambao leo wanapiga kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, walianza mwaka wa 2016 katika nyumba ya kupanga ya Melbourne. Nyimbo zao za kwanza walizirekodi humo humo, ndani ya muda usiozidi siku moja. Hakuna kampuni iliyowatafuta. Waliwapata kwanza watu wa baa, na kampuni zikafuata nyuma.

Ndiyo maana The Tote ilipofungwa mwezi wa kwanza 2010, kwa sababu ya masharti mapya ya leseni ya pombe yaliyodai walinzi hata kwa bendi ndogo isiyomdhuru mtu, maelfu ya watu waliandamana mujini Melbourne mwezi uliofuata. Baa ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Ni inchi chache ambamo watu wanaandamana kwa ajili ya ngoma na gitaa.

Bendi huru, kwa maneno rahisi, ni ile isiyofungwa na yale makampuni makubwa matatu ya dunia: Universal, Sony na Warner. Inajirekodi yenyewe ao inashirikiana na kampuni ndogo, na kazi inabaki mikononi mwake. Kikundi cha King Gizzard & the Lizard Wizard, cha Melbourne pia, kilitoa albamu tano katika mwaka mmoja wa 2017. Moja kati ya hizo, Polygondwanaland, waliitoa bure kabisa na wakaruhusu mtu yeyote kuichapa kwenye sahani na kuiuza. Mwenye mkataba na kampuni kubwa asingethubutu.

Lakini uhuru bila wa kukusikiliza ni njaa. Na hapa Australia ina jambo la kusimulia, kwa sababu kwa miaka mingi haikujua kuwasikia watoto wake. Mwaka wa 1976, bendi ya The Saints ya mji wa Brisbane ilijilipia wimbo wake wa kwanza, (I'm) Stranded, na kuutoa chini ya jina la kampuni waliyojitungia wenyewe. Nyumbani karibu hakuna aliyeshughulika nao. Wakautuma kwa posta hadi London, gazeti moja la muziki la kule likausifu kupita kiasi, na ndipo watu wa Australia wakageuka kutazama kitu kilichokuwa chini ya pua zao.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa tayari imeanza kuchemka. Tarehe 19 mwezi wa kwanza 1975, redio ya serikali ilifungua mujini Sydney kituo cha vijana kilichoitwa Double Jay. Wimbo wake wa kwanza hewani ulikuwa wa bendi ya nyumbani, Skyhooks, tena wimbo ambao redio za biashara zilikuwa zimeukataa. Kituo hicho ndicho leo kinaitwa triple j, na kinasikika inchi nzima. Mwaka wa 1995 kilianzisha Unearthed, maana yake kama vile kufukua kitu ardhini: kutafuta wanamuziki ambao hakuna anayewajua, hasa wa miji midogo iliyo mbali. Wa kwanza kufukuliwa walikuwa Grinspoon, wa mji wa Lismore. Baadaye kidogo wakaja Killing Heidi, dada na kaka yake kutoka Violet Town, mahali ambapo hata Waaustralia wengi wasingeweza kupaonyesha kwenye ramani. Mwaka wa 2001 ikawa zamu ya Missy Higgins, ambaye hakujiandikisha mwenyewe. Dada yake ndiye aliyetuma wimbo.

Tangu 2006 kazi hiyo inafanyika kwenye intaneti. Msanii anaweka wimbo wake bila kulipa kitu, wafanyakazi wa redio wanasikiliza, wanaandika maoni, na wimbo wenye nguvu unapanda hewani. Wacongo wanaojua habari ya mabanga, namna jina la mwenye pesa linavyoimbwa ndani ya wimbo ili wimbo uweze kuishi, watapima wenyewe uzito wa neno hilo: bila kulipa kitu.

Pembeni ya redio ya serikali ziko redio za jamii. Brisbane ina 4ZZZ, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu mwishoni mwa 1975. Melbourne ina 3RRR. Sydney ina FBi, ambayo imejiwekea sharti kwamba angalau nusu ya muziki wake iwe ya Australia, na nusu ya hiyo nusu iwe ya Sydney kwenyewe. Watangazaji wengi ni watu wa kujitolea, na wasikilizaji ndio wanaochanga ili taa zisizimike. Mtangazaji wa namna hiyo hupiga wimbo kwa sababu moja tu, ameupenda. Anaweza kukosea. Lakini jina lake linajulikana, sauti yake inajulikana, na msikilizaji anajua akimfuata wapi atafika.

Mambo haya yasipambwe kupita kiasi. Triple j imekuwa kama mfalme: bendi inayokubaliwa nayo inajaza kumbi, isiyokubaliwa inabaki kuuza kahawa mchana. Wengi wanalalamika kwamba vijana wameanza kutunga nyimbo za kuipendeza redio hiyo, na kwamba mwanamuziki akishapita umri fulani anasahaulika hata kama kazi yake ndiyo inakomaa. Malalamiko hayo yana haki. Mlango mmoja, hata ukiwa mzuri, ni mlango mmoja.

Na kuna wale ambao mlango huo ulichelewa sana kuwafungukia. Wenyeji asilia wa Australia waliimba rock katika lugha zao muda mrefu kabla ya miji mikubwa kutega sikio. Mwaka wa 1983, Warumpi Band ya kijiji cha Papunya, katikati ya jangwa, ilitoa Jailanguru Pakarnu, wimbo wa rock katika lugha ya Kiluritja. Mujini Alice Springs, shirika la utangazaji la wenyeji lililoitwa CAAMA, ambalo lilianza mwaka wa 1980, lilirekodi vikundi vya vijiji na kuvisambaza kwa kaseti. Kaseti ile ilisafiri kwa gari, kutoka mkono hadi mkono, ikitangulia redio nyingi.

Matunda yanaonekana leo. King Stingray, kikundi kutoka Yirrkala, kaskazini kabisa mwa inchi, kinachanganya gitaa za rock na yidaki, ile baragumu ndefu ya mti, na kinaimba kwa lugha ya Wayolngu na kwa Kiingereza. Baadhi ya wanamemba wake ni watoto wa ukoo uliowahi kupiga katika Yothu Yindi, bendi iliyovuma miaka ya 1990. Albamu yao ya kwanza, ya 2022, ilipata Australian Music Prize, tuzo inayotolewa na majaji kwa albamu bora ya mwaka bila kuangalia imeuzwa namna gani. Hakuna mashine ya hesabu ambayo ingeshauri kijana wa Sydney asikilize lugha ambayo inasemwa na watu elfu chache tu. Kuna mtu alisikia, akamwambia mwingine.

Tuzo hiyo hiyo ilichukuliwa mara mbili, kwa albamu za 2017 na 2019, na Sampa the Great, mwanamke aliyezaliwa Zambia, akakulia Botswana na kuanza kazi ya rap akiwa Australia. Anaimba pia Kibemba, lugha ambayo watu wa Katanga hawahitaji kutafsiriwa. Mwaka wa 2019 alipata tuzo ya ARIA ya hip-hop, lakini hotuba yake ya shukrani haikuonyeshwa kwenye televisheni. Inchi inaweza kumvumbua mtu na bado isijue imkalishe wapi.

Sasa hali imebadilika, na si kwa upande mzuri. Vijana wa Australia, kama wa kwingine, wanasikiliza muziki kwenye telefone, na anayechagua wimbo unaofuata ni programu. Programu haina ubaya wa moyo, lakini inafanya hesabu moja: nini kimeshapendwa na wengi. Bendi yenye majuma mawili haijapendwa na mtu bado. Tangu 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12, kwa hiyo aliye mdogo zaidi ndiye asiyepata hata kidogo. Na mwaka wa 2025 kikundi kilichoitwa The Velvet Sundown kilifikia wasikilizaji zaidi ya milioni kwa mwezi kwenye jukwaa hilo, kabla ya kukubaliwa wazi kwamba muziki wake ulitengenezwa kwa akili bandia. Mwezi wa saba wa mwaka huo huo King Gizzard waliondoa nyimbo zao pale, kwa sababu ya pesa ambazo mkubwa wa Spotify wakati huo alikuwa ameziweka katika kampuni ya silaha.

Australia inaumia kuliko wengi kwa sababu haina uzio wa lugha. Mcongo anayetaka Kilingala ao Kiswahili atarudi nyumbani tu. Wimbo wa Los Angeles hauwezi kuchukua nafasi hiyo. Bendi ya Adelaide inaimba kwa Kiingereza kile kile cha Marekani na Uingereza, na kwenye ile sahani kubwa ya programu inakuwa punje moja kati ya mamilioni. Redio za biashara zina sharti la kupiga muziki wa nyumbani, hadi asilimia 25 kwa zile za nyimbo zinazovuma. Majukwaa ya intaneti hayana sharti kama hilo juu ya muziki. Ni vigumu kuelewa kwa nini serikali inamshika mkono mwenye redio ambaye wasikilizaji wanamkimbia, na inamwacha huru yule wanayemkimbilia.

Kumbi nazo zinapungua. Shirika linalokusanya haki za watunzi, APRA AMCOS, lilihesabu kumbi na majukwaa zaidi ya 1,300 yaliyopotea tangu korona. Mwaka wa 2024, Splendour in the Grass na Groovin the Moo hazikufanyika. Hiyo ya pili ilikuwa inapeleka bendi kwenye miji ya mikoani, mahali ambapo kijana hana tamasha lingine la kwenda kwa miguu.

Katika 2025 mameneja wa wanamuziki walileta pendekezo linaloitwa Michael's Rule, kwa kumbukumbu ya Michael McMartin, aliyekuwa meneja wa Hoodoo Gurus: kila mgeni mkubwa anayekuja kupiga Australia afunguliwe jukwaa na angalau msanii mmoja wa nyumbani. Ni sharti dogo. Halimnyimi mgeni kitu, na linampa kijana nusu saa mbele ya watu elfu kumi ambao hakuwatafuta. Kuliacha kuwa ombi la hiari ni kulipoteza. Liwekwe katika sheria, na anayekataa aeleze sababu.

Kwa msikilizaji wa mbali mwenye megabaiti za kuhesabu, njia fupi ipo. Redio hizi zote zinasikika bure kwenye intaneti. Saa moja ya FBi ao ya 3RRR usiku mmoja wa juma, daftari pembeni kwa majina, inaleta bendi tano ambazo programu isingezitaja kwa mwaka mzima. Ukipenda moja, mara nyingi utaikuta Bandcamp, ambako nyimbo nyingi zinasikilizwa kabla ya kununuliwa, na sehemu kubwa ya pesa inamfikia aliyepiga gitaa.

Huko Collingwood, The Tote bado iko wazi. Bendi ya kwanza inapanda ukumbi ukiwa nusu tupu, kwa sababu hata Melbourne watu wanapenda kuchelewa.